Sura ya Saba: Sungura Wasio na Viroboto

Mashtaka ya kila namna yalikuwa yamepita mezani kwa Inspekta: mbuzi walioibwa wakarudi wenyewe, waume waliotoroka, majirani waliomwagiana maji machafu kwa sababu ya mpaka wa ua. Lakini asubuhi ile alipokea shtaka asilowahi kulisikia. Mwanamke mmoja, fundi wa maabara, aliketi mbele yake, akaweka mkoba magotini, akashtaki kwamba sungura wake hawaumwi.

"Hawaumwi," Koplo alirudia akiwa ameegemea mlango. "Na wewe ulitaka waumwe."

"Nilitaka waumwe kidogo," yule mwanamke alimjibu bila kugeuka. "Wasipoumwa hata kidogo, hapo ndipo pana neno."

Kazini walimwita Dada Kipimo, maana hata sukari ya chai yake huisawazisha kijikoni kwa kisu. Aliongea vivyo hivyo, neno baada ya neno, bila kumwaga. Taasisi yao inatafuta chanjo ya upele. Sungura wa kundi la kwanza walidungwa sindano, nusu wakapata chanjo, nusu maji ya chumvi. Kisha wote wakabandikwa ukoko wenye utitiri, vile vijidudu vinavyochimba chini ya ngozi na kumfanya mtu ajikune mpaka alie. Waliodungwa maji walishikwa na upele vizuri sana. Waliochanjwa hawakuwa na hata wekundu.

"Si ndiyo mlichokitafuta?" Inspekta aliuliza.

"Chanjo ni kama mlinzi, afande. Mwizi akiingia, mlinzi atamshinda, lakini vurugu itakuwepo. Ngozi itawasha kidogo, itakuwa nyekundu, ndipo itulie. Kwa hawa wangu hakuna vurugu iliyotokea. Ni kama mwizi alikuta nyumba imeshamwagwa sumu."

Akafungua mkoba, akaufunga tena.

"Kesho asubuhi wanachanjwa watoto wa shule ya bweni. Siku hiyo hiyo wanaondolewa dawa ya kupaka, ili ijulikane kama kinachowalinda ni chanjo peke yake. Mtoto wa marehemu dada yangu yumo. Mwaka jana upele ulimgeukia vidonda, vidonda vikashuka kwenye figo. Nilimlaza hospitali nikidhani simrudishi. Sasa mtu aniambie, kama chanjo hii ni maji tu, mwanangu atalindwa na nini?"

"Umemwambia mkubwa wako?"

"Nimemwambia Profesa. Akanishauri nichukue likizo."

Inspekta aliinuka. Mjini walimwita Polepole, na jina hilo hakulichukia. Wezi wengi walilicheka mpaka siku walipokaa mbele yake.

*

Ofisi ya Profesa ilinukia dawa ya sakafu. Juu ya kabati palikuwa na sungura wa udongo, na ukutani picha za mikono ya watoto iliyojaa vipele kati ya vidole. Koplo aliziangalia mara moja, akaanza kujikuna kiwiko.

"Huyo dada ni mchapakazi," Profesa alisema, akiwavutia viti. Alikuwa mtu wa mvi chache na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. "Lakini nisiwafiche. Nafasi ya msaidizi wangu aliitaka yeye, akapewa mwingine. Tangu hapo kila kitu kwake kina kasoro."

"Kwa maoni yako sungura wako salama."

"Wako salama kwa sababu wamechanjwa, Inspekta. Ndiyo kazi ya chanjo."

"Tuseme kuna mtu aliwapa dawa kwa siri. Angekuwa nani?"

Profesa alitabasamu kwa huzuni, kama daktari anayetoa majibu mabaya. "Kila sungura ana kibati chenye namba sikioni. Siku ya sindano, namba ipi imepata chanjo na ipi imepata maji, alijua mtu mmoja tu, aliyejaza sindano. Mimi mwenyewe sikuruhusiwa kujua. Ndivyo tunavyofanya kazi, ili macho yetu yasitudanganye. Sasa nikuulize wewe uliyebobea: kama kuna aliyewapa dawa waliochanjwa peke yao, angewajuaje?"

"Aliyejaza sindano ni Dada Kipimo."

"Sijasema mimi."

"Na anayewashika kila siku?"

"Mzee Mabanda. Mtu mwema. Ana mbwa mgonjwa nyumbani, nasikia kamnunulia dawa ya ukurutu." Profesa aliangalia saa ya ukutani. "Lakini hilo nalo sijalisema."

Walipotoka kwenye varanda, Koplo alicheka kidogo. "Mkuu, huyu hajasema kitu, na ametukabidhi watuhumiwa wawili."

"Nimewahesabu," alisema Inspekta. "Acha kujikuna."

"Upele humwota asiye na kucha. Mimi kucha ninazo, upele sina, na bado nawashwa."

*

Nyumba ya sungura ilikuwa nyuma, jengo refu la madirisha ya wavu. Mlangoni palikuwa na beseni la dawa la kukanyagia viatu, ndani matundu ya waya yalipangwa kuta mbili, na chini yake trei za takataka zilizofagiliwa zikafagilika. Harufu ilikuwa ya majani makavu na mkojo. Juu ya magunia ya chakula alilala paka wa kijivu, mnene, asiyejali polisi.

Mzee Mabanda, mtunza sungura, alikuja akijifuta mikono kwenye aproni ya gunia.

"Shikamoo, mzee wangu," Inspekta alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Huyo paka usimwandike. Haruhusiwi humu, lakini panya nao hawaruhusiwi, na yeye anajua kuwaeleza kuliko mimi."

"Sijamwona," Inspekta alisema, akamruka mkia.

Mzee aliwaonyesha matundu ya kushoto, kundi la kwanza. Nusu yao walikuwa na magamba puani na kwenye vidole, wakijikuna kwa miguu ya nyuma mpaka matundu yanatetemeka. Nusu walikuwa weupe, laini, kama waliotoka kufuliwa. Upande wa kulia walikaa kundi la pili. Hawa walikuwa wamedungwa sindano zao wiki za karibuni, nusu chanjo na nusu maji, lakini utitiri walikuwa hawajabandikwa bado. Wote walionekana wazima.

"Nipe mmoja wa hawa nimshike."

"Utavaa glavu? Dada Kipimo havui zake hata akiota ndoto. Profesa yeye huwashika mikono mitupu, ila yeye ni mwenye nyumba."

Inspekta alijaribu glavu za pale, zikagoma kwenye viungo vya vidole. Akazirudisha, akampokea sungura kwa mikono mitupu, akampakata kama mtoto, akaanza kupuliza manyoya yake kuyapasua njia. Hakuwa na haraka. Mara kitu cheusi kikaruka kutoka shingoni mwa sungura kikatua kwenye mkono wa shati lake.

"Kiroboto," Koplo alisema, akarudi nyuma hatua mbili.

"Wa paka," Mzee Mabanda alikiri. "Humu wote wanao. Nimepambana nao nimechoka."

"Wote?"

Inspekta alimrudisha yule, akachukua wa tundu la pili. Akapuliza. Hakuna. Akapindua masikio, akapekua tumboni, akachambua mkia. Hakuna hata kinyesi cha kiroboto. Wa tatu hakuwa nao pia. Wa nne alikuwa nao wa kutosha kuanzisha ukoo. Wa tano hakuwa nao. Matundu yalipakana, paka ni yule yule, majani ni yale yale.

"Koplo, chanjo ya upele inafukuza viroboto?"

"Mimi nitajuaje, mkuu?"

"Kiroboto hachimbi ngozini kama utitiri. Ni jamii nyingine, na hawa hawajawekewa hata huo utitiri. Kitu kilichomfukuza kiroboto hapa kinaua kila kiumbe kinachouma ngozi. Hiyo inaitwa dawa."

Mzee Mabanda alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa.

Inspekta aliendelea kumshikilia yule wa tano, na mkono wake ukimpapasa kichwani kushuka mgongoni, kidole gumba kikasimama. Nyuma ya shingo, chini ya ngozi, palikuwa na kinundu kidogo kigumu, ukubwa wa punje ya mahindi. Alirudi kwa wa pili: kinundu. Wa tatu: kinundu. Wa kwanza na wa nne, wenye viroboto, shingo zao zilikuwa tambarare.

"Na hizi nundu, mzee?"

"Za sindano hizo. Wengine zinawavimba, wengine haziwavimbi. Nilidhani ni damu tu, kama watu."

"Ulimwambia nani?"

"Nani aniulize habari za shingo? Ila Jumatatu huwa nakuta kitu kingine. Wengine manyoya yao ya hapo shingoni yamegandana, kama yamepakwa mafuta. Nikasema labda wamelambana."

"Walambane kupitia waya?"

Mzee akageuka kuutazama waya.

Koplo alitoka stoo akiwa na kichupa kidogo chenye picha ya mbwa, amekishika kwa leso. "Kilikuwa kwenye koti lake, mkuu. Dawa ya matone. Unadondoshea shingoni, inaingia mwilini, inaua upele, viroboto na kupe. Kimetumika nusu."

Mzee Mabanda aliangalia kichupa, akaangalia pingu kiunoni mwa Koplo.

"Ni cha mbwa wangu," alisema. "Mkia wake umekwisha manyoya, umekuwa kama ufito. Wajukuu wanamwita fimbo. Wanangu, mimi sungura hawa nimewalea mmoja mmoja. Ningetaka kuwapa dawa ningewapa wale wanaoumwa. Wazima nitawatibu nini?"

Lilikuwa jibu zuri. Lakini Inspekta alikuwa amesikia majibu mazuri mengi kutoka kwa watu wabaya, akalitia moyoni bila kulimeza.

"Jumapili nani huwalisha?"

"Profesa. Tangu sindano zilipoanza amenipa Jumapili nipumzike. Anakuja mwenyewe, peke yake. Mkubwa mzima anafagia mavi ya sungura. Watu kama hao wamebaki wachache."

*

Dada Kipimo aliwasubiri maabara, kwenye kiti kirefu kisicho na mgongo, glavu mikononi.

"Namba za waliochanjwa ulizijua wewe peke yako," Inspekta alianza.

"Peke yangu. Nakala yake iko kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri. Nimeiangalia leo, haijaguswa."

"Basi mwenye uwezo wa kuwapa dawa waliochanjwa tu ni wewe."

"Najua inavyoonekana."

"Ulinyimwa cheo."

"Nilinyimwa, nikalia siku moja, nikanawa uso. Afande, ningetaka kuharibu kazi hii ningewaua utitiri wote, biashara iishe. Kwa nini niifanye chanjo ya Profesa ionekane nzuri?"

"Ili uje uilaumu."

"Na mwanangu nimweke kwenye foleni ya kesho kama chambo?"

Koplo alijikuna shingo, akakumbuka, akashusha mkono.

"Chanjo ina nini ndani?" Inspekta aliuliza.

"Utitiri uliouawa na kusagwa, umechanganywa na mafuta mazito ili ukae mwilini muda mrefu."

"Na wale wengine uliwadunga maji ya chumvi. Hayana mafuta."

"Hayana. Kwa nini?"

"Umewahi kumshika sungura bila glavu?"

"Sijawahi. Mimi mwili wangu unakataa manyoya, navimba."

Inspekta aliitikia kwa kichwa. Akamwomba Koplo atafute kasha la kubebea wanyama, na koleo la kung'olea vibati vya masikioni.

*

Aliweka kasha juu ya meza ya chumba cha mizani. Ndani yake walikaa sungura wawili wa kundi la pili, weupe, umri mmoja, uzito mmoja, masikio hayana vibati. Mmoja alikuwa na kinundu shingoni. Mwingine hakuwa nacho. Inspekta alimwalika kila mtu peke yake, akamwambia maneno yale yale.

"Nampeleka sungura mmoja kwa daktari wa mifugo wa serikali, apimwe damu kama ina dawa. Gari lina nafasi ya mmoja. Nichagulie."

Dada Kipimo aliinama, akaangalia masikio. "Vibati viko wapi? Bila namba mimi nitajuaje yupi ni yupi?" Alifikiri. "Mmoja hatoshi. Mwambie daktari wako asubiri, chukua wote wawili. Mmoja nitambeba mapajani hata nikivimba."

Mzee Mabanda alicheka alipowaona, akawaita kwa majina aliyowapa mwenyewe. "Huyu mwoga wa gari, atakufa njiani kwa moyo. Mchukue huyu mkorofi." Akamtoa, akambusu utosini, akamkabidhi. Yule mkorofi ndiye aliyekuwa na kinundu.

Profesa aliingia mwisho, koti jeupe limefungwa vifungo vyote.

"Kupima damu," alisema. "Ni haki yako. Mimi sina la kuficha."

"Nichagulie tu, Profesa. Mimi kwangu wote sungura."

"Yeyote. Wako sawa."

Akatia mikono kasha­ni. Inspekta hakumwangalia usoni, aliangalia mikono. Mkono wa kulia ulimshika sungura wa kwanza nyuma ya shingo, na kidole gumba kikazunguka taratibu, mara moja, mara mbili, kikakuta kinundu. Mkono ukamwachia. Ukaenda kwa wa pili. Kidole gumba kikazunguka, kikateleza, hakikukuta kitu. Huyo ndiye aliyeinuliwa.

"Mchukue huyu."

"Kwa nini huyu?"

"Nimekwambia, wako sawa."

"Kama wako sawa, kidole kilikuwa kinatafuta nini?"

Profesa alibaki amemshika sungura kifuani. Sungura alianza kujikuna sikio, na kiroboto mmoja akarukia koti jeupe, akaonekana vizuri sana pale.

"Bahasha hukuifungua," Inspekta alisema. "Hukuwa na haja. Mafuta ya chanjo yanaacha nundu na maji hayaachi, na kwa mtu anayeshika sungura mikono mitupu, shingo inamsomea kila kitu. Jumapili nyumba ni yako peke yako. Umempumzisha mzee, ukashika mmoja mmoja, mwenye nundu ukamdondoshea matone, asiye nayo ukampita. Ulimsahau paka tu. Angekuwa hayupo, nisingekuwa na swali la kuuliza."

"Hayo ni maneno."

"Ndiyo, maneno. Ndiyo sababu nawachukua wote wawili, na gari lina nafasi. Damu ya yule uliyemwachia itasema yenyewe. Unataka nikuulize sasa au baada ya majibu?"

Nje palisikika Mzee Mabanda akimsuta paka. Profesa alimrudisha sungura kasha­ni kwa uangalifu, akamlaza masikio.

"Chanjo hii inafanya kazi," alisema. "Inachelewa tu. Ngozi ya sungura haina subira, mtoto ana mwili mkubwa, ungeona kwa watoto. Mara ya kwanza ilipokaribia kushindwa niliona miaka yangu yote inafagiliwa. Nilihitaji mlango ufunguliwe, basi. Ndani ningetengeneza."

"Na watoto wasio na dawa ya kupaka wangekaa wapi wakati unatengeneza?"

Profesa alianza kufungua vifungo vya koti lake jeupe, kimoja kimoja.

*

Koplo alimpeleka Profesa garini. Friji la chanjo lilifungwa kwa kufuli la polisi, na Inspekta akatia ufunguo mfukoni. Kisha akamwonyesha Dada Kipimo simu ya mezani.

Alipiga mwenyewe, amesimama.

"Matroni? Ni mimi, mama mdogo wa yule anayelala kitanda cha dirishani. Ndiyo. Kesho hakuna kuchanjwa. Inspekta yuko hapa, atakwambia mwenyewe. Wapakeni dawa jioni hii, wote. Na wangu usimwache nyuma ya magoti, hapo huwa anapaficha kwa sababu anatekenyeka." Alisikiliza, akacheka mara ya kwanza siku ile, akampa Inspekta simu.

Baadaye walikuwa wameketi chumba cha mizani, na kasha katikati yao. Koplo alichungulia mlangoni.

"Mkuu, mtu wetu yuko tayari. Ila mimi nina swali, nisije nikaulizwa nyumbani. Hii chanjo inafanya kazi au haifanyi?"

Inspekta alimwangalia Dada Kipimo. Swali lile halikuwa lake.

"Sijui," alisema Dada Kipimo. "Pengine inafanya. Pengine ilikuwa inafanya tangu mwanzo. Hilo ndilo alilotuibia, na hakuna polisi atakayenirudishia."

Kisha akavuta glavu ya kulia kidole kwa kidole mpaka ikatoka, akatia mkono mtupu kasha­ni, akampapasa yule mkorofi nyuma ya shingo. Kidole gumba kikasimama. Akabonyeza taratibu, akaenda kwa mwenzake, akarudi tena. Mkono ulikwishaanza kumwasha, akauacha hapo hapo.

"Mafuta," alisema, kama anayeongea na meza. "Wa maji nao ningewadunga mafuta. Safari hii wote watakuwa na nundu."

Akamwita Mzee Mabanda alete sungura wapya, na amtoe paka nje.